Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kambi Haramu na Madai ya Kurejeshewa Kodi, Phoenix

Ndugu wanachama,

Pendekezo namba 312, lililopitishwa na wapiga kura wa jimbo la Arizona Novemba 2024, ndilo mlilouliza zaidi mwaka huu. Linamruhusu mwenye jengo kurejeshewa, kutoka kwenye kodi ya mali aliyolipa, gharama alizoingia kwa sababu jiji au kaunti haitekelezi sheria zake.

Kuwepo kwa mahema ya wasio na makazi nje ya duka hakutoshi. Lazima ionekane kwamba jiji lina sera au mazoea ya kutotekeleza sheria za kupiga kambi, kuziba njia, kuombaomba, kujisaidia au kunywa pombe hadharani, ama jiji lenyewe linadumisha kero kwa umma. Kwa hiyo piga picha zenye tarehe, na kila mara toa ripoti kwa jiji na utunze namba yake. Picha bila ripoti haionyeshi kuwa jiji lilijua likanyamaza.

Tatizo kubwa liko kwenye kiwango. Marejesho hayazidi kodi ya mali ya msingi (primary, inayolipia shughuli za kawaida za serikali) uliyolipa mwaka uliotangulia kwa jiji au kaunti unayoilalamikia. Bili ya mweka hazina wa kaunti inajumuisha pia shule na chuo, na inatenganisha kodi ya msingi na ya nyongeza (secondary). Anayesoma jumla iliyoandikwa mwishoni mwa bili na kuidai yote amekosea. Tuseme uzio na taa vimekugharimu dola 1,800, na kodi ya msingi ya jiji ilikuwa dola 200: utapata 200, na salio utaliomba mwaka wa kodi unaofuata.

Risiti itaje mwenye mali, anwani na kazi iliyofanyika. Fundi aliyelipwa mkononi bila karatasi amekupotezea dai. Kuosha ukuta uliochafuliwa kunaeleweka. Kupaka rangi jengo zima ni jambo gumu kulitetea.

Ombi hupelekwa Idara ya Mapato ya jimbo, mara moja kwa mwaka wa kodi. Jiji lina siku 30 za kujibu. Likikaa kimya linahesabiwa limekubali. Likikataa, unaweza kwenda mahakamani, na ni jiji litakalobeba mzigo wa kuthibitisha kwamba lilitenda kihalali au kwamba kiasi unachodai kimezidi.

Msichanganye haya na hukumu ya kesi ya Grants Pass, mji wa jimbo la Oregon, ya 28 Juni 2024, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliruhusu miji kuwaadhibu wanaolala nje hata vitanda vya nyumba za hifadhi za wasio na makazi visipotosha. Hukumu hiyo imelipa jiji mamlaka, haikumpa mwenye duka. Nawasihi sana, msing'oe hema la mtu wala kutupa mizigo yake. Humo mna dawa na vitambulisho ambavyo kuvipata upya huchukua miezi, na dai letu ni dhidi ya jiji.

Daftari za kuandikia ripoti ziko kwa katibu. Anzeni kuzijaza wiki hii, kwa sababu matukio ya nyuma yasiyoripotiwa hatuna namna ya kuyathibitisha.