Mwanangu, Moto Siuogopi, Naogopa Unga

Isevya, Tabora

Mwanangu,

Picha ulizonitumia nimezitazama kwa makini kuliko ulivyotarajia. Chubwi za risasi ulizosubu, hivyo vizito vya kuzamishia mshipi na nyavu, zimekaa vizuri. Zile ndefu za mshipi tundu limepita katikati sawasawa, na zile za wavu wa jarife umezitengenezea mfereji wa kamba kama fundi anayejua kwamba kamba ikisuguliwa na kona kali haimalizi msimu. Kwa mwalimu aliyezoea kushika chaki, umenishangaza. Mama yako anasema mkono huo umeurithi kwangu, nami sikubishana naye.

Barua hii si ya kukukataza. Natanguliza hilo kwa kuwa najua ukiona barua ndefu ya baba unaanza kutafuta karipio limejificha wapi. Mtu anayeshinda darasani juma zima anahitaji kazi ya mikono siku ya Jumamosi, na kusubu chubwi zako mwenyewe, kisha ukateremka nazo ziwani hapo Kibirizi, Kigoma, kumtafuta samaki kuhe kwa mshipi, ni starehe safi. Ila kuna picha moja uliyoipiga ukiwa umesimama mbali kidogo. Ndani yake nimeona jiko la mkaa barazani, nimeona sufuria ambayo mama yako alimpa mkamwana wake mlipooana, na ukutani nimeona betri mbili za gari zimepasuliwa. Pembeni ya betri, mchumba wangu mdogo, mjukuu wangu, amekaa chini anachezea kitu kinachong'aa.

Unajua mshahara uliokusomesha ulitoka karakana ya reli. Mabehewa ya zamani hayakuwa na beringi za gololi. Ekseli ilizungukia kwenye kikombe cha shaba kilichopakwa metali nyeupe laini, mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, na ikichakaa sisi tuliiyeyusha na kumimina nyingine. Hapakuwa na kipimajoto cha maana. Mzee aliyenifundisha alichovya kijiti kikavu cha msonobari: kikigeuka rangi ya kahawia bila kuwaka, mimina, kikishika moto, umepitiliza. Hata reli yenyewe upande wetu huu ina deni kwa risasi, maana tawi la kutoka Kaliua kwenda Mpanda lilijengwa baada ya vita kuu ya pili ili kubeba madini ya risasi ya kule. Kwa hiyo ninayokuambia sikuyasoma kwenye maboksi ya dawa.

Watu wakiona risasi imeyeyuka wanaogopa kuungua. Ni kweli inaunguza, na moto wenyewe ni mdogo, nyuzi 327 tu za Selsiasi, mkaa wa kawaida unafika bila kupulizwa. Lakini moto ni mwalimu mwepesi, ukikosea unakufundisha papo hapo. Vaa buti, suruali ndefu iliyofunika mdomo wa buti, glovu za ngozi, miwani ya kazi. Na maji yasikaribie, hata tone. Tone la maji likizama chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla, likatafuta njia ya kutoka, na njia hiyo hupitia usoni mwako. Kipande unachoongeza kwenye chungu kipashe moto kwanza ukingoni. Kalibu unayomiminia ipashe moto pia, si kwa usalama tu; kalibu ya baridi ndiyo inayokupa zile chubwi zenye makunyanzi nilizoziona kwenye rundo la kushoto. Mchanga wa ziwani hata ukionekana mkavu juu, ndani una unyevu. Wingu likifunga, zima jiko, urudi Jumamosi nyingine.

Hayo ya moto yametosha. Ninachokiogopa mimi ni unga.

Ukiyeyusha risasi, juu yake hutanda ngozi ya kijivu. Ukiikwangua inavunjika na kuwa unga mwepesi, mara wa kijivu, mara wa manjano. Hauna harufu, hauwashi, haukohozi mtu. Unakaa kwenye vidole, kwenye ukingo wa baraza, kwenye shati ambalo mkamwana wangu atalifua pamoja na nepi. Mtu mzima akiula kidogo, sehemu kubwa inapita. Mtoto mdogo hunyonya mara 4 hadi 5 ya anachonyonya mtu mzima kutoka kiasi kilekile, na mtoto wa umri ule kila kitu anakipeleka mdomoni. Mwili unaidhania risasi kuwa ni kalsiamu. Unaipokea, unaihifadhi kwenye mifupa na meno, na huko inakaa miaka mingi. Inayoingia kwenye ubongo wa mtoto inapunguza kile ambacho wewe, kama mwalimu, unakitafuta kila siku: usikivu, kumbukumbu, uwezo wa kukaa na hesabu moja mpaka iishe. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Na mkamwana ni mjamzito. Mama akibeba mimba, mifupa yake hutoa kalsiamu kumpa mtoto, na risasi iliyohifadhiwa humo hutoka pamoja nayo. Kwa hiyo asikwangue, asifagie, asifue nguo za kazi hiyo. Ufue wewe, kwenye beseni la peke yake. Najua majirani watasema umelishwa limbwata. Waache waseme.

Sasa betri. Hapa sina mzaha nawe, na hapa ndipo ningekuwa karibu ningekuja mwenyewe. Najua mnazipata kirahisi, maana siku hizi taa za betri na sola zimechukua nafasi ya karabai kwenye uvuvi wa dagaa, na betri ikifa mwenye mtumbwi hana kazi nayo. Inaonekana ni risasi ya bure. Si ya bure na wala si risasi nyingi. Zile sahani ndani yake ni kimia chembamba cha metali kilichopakwa tope, na tope likikauka ni unga uleule ninaokuambia, tena tayari umeshasagwa, umelowa asidi ya salfa. Kimia chenyewe kina antimoni, pengine aseniki, na betri za kisasa zisizoongezwa maji zina kalsiamu. Taka za mchanganyiko huo zikikutana na unyevu zinaweza kutoa gesi inayoua. Karakana nzima ya mafundi wazoefu haikuwa ikigusa betri, na wewe unazipasua kwa nyundo barazani.

Usifikiri ni hofu ya mzee. Pale Thiaroye, kitongoji cha uvuvi pembeni mwa Dakar, Senegali, watu walikuwa wakikusanya mabaki ya betri na kuchekecha udongo wake majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Ilianza kama homa na degedege ambazo kila mzazi anazifahamu. Karibu zaidi na sisi kuna Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwekwa ukutani kwa watu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha haimrudishii mtu mifupa yake.

Basi betri ambayo haijapasuliwa mrudishie muuzaji ikiwa nzima, imesimama, na asidi yake ndani. Hizo mbili zilizopasuka ziweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, vaa glovu za mpira, umpelekee yeye huyohuyo. Mahali asidi ilipomwagika nyunyiza magadi mpaka pasitoe povu tena, kisha chimba udongo wa juu, utie ndoo hiyohiyo, halafu jaza kokoto safi. Baraza usilifagie kavu. Lipige deki kwa maji ya sabuni, kitambaa ukitupe. Kuku wa mkamwana wasidonoe pale. Kuku hula vijiwe vya kusagia chakula, na kipande cha risasi kwake ni kijiwe kama kingine. Sumu inaingia kwenye damu yake na kwenye yai. Waingereza ilibidi mwaka 1987 wapige marufuku chubwi ndogo za risasi kwa sababu bata maji wao walikuwa wanazimeza na kufa. Kwa hiyo hata mabaki ya ufukweni usiyaache.

Risasi nzuri iko gereji, kwa watu wa matairi. Vile vipande vya kubalansia magurudumu vinavyodondoka chini ndivyo vinavyokufaa: ni vigumu kidogo kwa sababu ya antimoni, havipindi vikigonga mwamba. Chambua kwanza, maana siku hizi vingine ni vya chuma na vingine vya zinki. Kidondoshe sakafuni. Risasi inaanguka kwa kishindo kizito na kunyamaza, zinki inalia. Kwaruza kwa msumari: risasi inakubali, na ukiisugua kwenye karatasi inaacha mstari wa kijivu. Vitakavyokuponyoka macho usihangaike navyo, zinki haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 420, kwa hiyo ukiweka moto wa wastani itaelea juu na utaiopoa kwa kijiko. Ukipuliza mkaa mpaka zinki nayo ikayeyuka, basi yote imekuwa uji, haitajaza kalibu tena hata uibembeleze. Moto wa wastani unakulinda pia na mvuke, kwa sababu risasi ikizidishiwa moto ndipo inapoanza kufuka na unga wake kuzaliana. Ukiona uso wake umegeuka buluu na dhahabu, picha nzuri hiyo, lakini ondoa mkaa.

Sufuria ya alumini haifai hata siku moja. Alumini inalegea kabla ya kuyeyuka, na kitako kikiachia utakuwa umesimama kwenye dimbwi. Zaidi ya hilo, sufuria iliyoyeyushiwa risasi hairudi jikoni hata ukiisugua kwa majivu mpaka uone sura yako. Mnunulie mkamwana nyingine, na ya kwanza itoboe matundu ili asijaribiwe mtu.

Hamishia kazi yote nje ya uzio, upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda ziwani, na ukumbuke kwamba upepo wenu hugeuka. Usile, usinywe, usivute hapo. Ukimaliza, nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko kabla hujashika mlango. Na lile la kubana chubwi ndogo kwa meno, nimewaona wavuvi wakifanya tangu nilipokuwa kijana nikishuka Ujiji. Wewe nunua plaizi.

Dagaa waendelee kuliwa hapo nyumbani, wazima na miba yao, na mboga za majani. Mwili wenye kalsiamu na chuma vya kutosha haunyonyi risasi kwa pupa. Hiyo si dawa, nakuomba usiifanye kuwa ruhusa. Na mtoto akilalamika tumbo, akafunga choo, akapauka, mkimpeleka hospitali mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba nyumbani kulikuwa kunayeyushwa risasi. Bila hivyo atatibiwa malaria na minyoo, naye daktari hatakuwa na kosa.

Kuhusu rafiki yako wa upande wa Kasulu mwenye gobori, anayetaka umsubie risasi za kuwindia: jibu ni hapana, na ulitoe mapema kabla hajaleta kalibu yake. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 hairuhusu mtu kutengeneza risasi za bunduki bila leseni, na hakuna mkaguzi atakayeamini kwamba mwalimu alikuwa anatengeneza gololi za risasi kwa ajili ya kuhe. Kazi yako ni ya ziwani, ibaki ya ziwani. Huku kwetu Unyanyembe risasi za kutengenezwa nyumbani zilishasumbua watu vya kutosha tangu enzi za Mtemi Mirambo.

Nakutumia mzigo kwa binamu yako anayekuja na treni. Kuna chungu cha chuma cha zamani, kizito, chenye mdomo wa kumiminia, na upawa wake mrefu. Kuna pia donge la nta kutoka kwa warina asali wa Sikonge. Risasi ikishayeyuka, dondoshea kipande cha nta kama punje ya harage, rudi nyuma kwa sababu itafuka na pengine itawaka, kisha koroga taratibu kwa kijiti kikavu. Utaona sehemu ya ile ngozi ya kijivu inarudi kuwa metali na taka halisi zinabaki juu. Zikwangue polepole uweke kwenye kopo la bati lenye mfuniko, si chini. Tulifanya hivyo karakana kila siku na sijaona kitu cha dukani kilichoshinda nta ya huku.

Asali iliyo kwenye dumu dogo ni ya mkamwana, haihusiani na kazi yako, usiiweke karibu na chungu. Nataka betri hizo ziwe zimetoka kabla mzigo haujafika, na unitumie picha ya baraza likiwa tupu. Mama yako anakusalimu, na anauliza migebuka mikavu uliyomwahidi imefikia wapi.

Ni mimi baba yako.