Gari la likizo hupangwa kuanzia siku ya kurudi

Simu za kuanzia mwezi wa saba huja na swali moja. "Kuleta gari langu Mombasa kwa meli ni pesa ngapi?" Anayepiga yuko Birmingham, Reading au Hamburg. Amehangaika miaka, amejinunulia ile Porsche 911 au Nissan GT-R aliyokuwa amebandika picha yake ukutani alipokuwa shuleni, na Disemba hii anataka kuiendesha nyumbani: awapeleke wazee Malindi, ashuke Diani, pengine apande hadi Iten. Januari gari lirudi Ulaya, naye arudi kazini.

Bei tunamwambia. Lakini kabla ya bei huwa tunamrudishia swali: gari litaondoka Kenya lini, na siku hiyo nani atakuwa na makaratasi mkononi? Wengi hunyamaza kidogo, maana walikuwa wamefikiria safari ya kuja tu. Sisi tunaotoa mizigo Kilindini kila siku tunajua kwamba safari ya kuja haisumbui kama ya kurudi.

Forodha hawana shida na gari lako kama gari. Wanachotaka kujua ni kama linakuja kukaa au linakuja kutembea. Linalokuja kukaa hulipiwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine juu yake, na kwa gari la michezo lenye injini kubwa hesabu hiyo huumiza. Tena lisiwe limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Linalokuja kutembea halilipi, ila lazima liwe na dhamana kwamba litaondoka. Dhamana hiyo ndiyo kitabu kinachoitwa karneti.

Karneti haitolewi Mombasa. Unaiomba huko unakoishi, kwenye chama cha wenye magari au shirika lililoruhusiwa. Ujerumani ni ADAC, na upande wetu mdhamini ni AA Kenya, chama cha wenye magari cha hapa. Huko watataka uweke pesa au bima ya dhamana kulingana na thamani ya gari na nchi unazokwenda. Kitabu hudumu mwaka mmoja. Kila ukurasa una vipande vitatu. Ukiingia, afisa wa forodha hugonga muhuri na kukata kipande cha kuingilia. Ukitoka, hugonga tena na kukata kipande cha kutokea. Kipande cha tatu hubaki kwenye kitabu, kikiwa na muhuri wa kuingia upande mmoja na wa kutoka upande wa pili. Hicho cha tatu ndicho utakachokirudisha kwa waliokupa kitabu ili dhamana yako ifunguliwe. Kama upande wa kutoka ni mweupe, kwa forodha ya Kenya gari bado liko Kenya, hata kama wewe unalitazama limeegeshwa nje ya mlango wako Reading. Watadai ushuru wote kupitia AA Kenya, AA Kenya itadai chama cha kwenu, na chama kitachukua pesa zako.

Mteja wetu mmoja yalimkuta hayo. Kuja alikuja nasi; kurudi, rafiki yake akamtafutia wakala mwingine wa bei nafuu. Gari likapakiwa, kontena likafungwa, meli ikaondoka, hati ya shehena ikatoka safi kabisa. Karneti ilikuwa ndani ya droo ya gari, ndani ya kontena, katikati ya bahari. Hakuna aliyeipeleka kwa afisa. Ilibidi gari likaguliwe na forodha ya kwao ili wajaze kile cheti cha mwisho wa kitabu kinachothibitisha mahali gari lilipo, kisha karatasi zipelekwe huku na huku kwa miezi. Mwishowe dhamana ilifunguliwa, lakini alikosa usingizi kwa jambo ambalo muhuri mmoja ungelimaliza. Ndiyo maana siku ya kupakia, kijana wetu huingia ofisi ya forodha na kitabu mkononi kabla lakiri haijafungwa mlangoni, na mteja hutumiwa picha ya ukurasa uliogongwa kabla hajapanda ndege.

Kuna mambo mawili ya nyumbani yanayoharibu karneti, na tunayasema waziwazi kwa sababu yanatokana na mapenzi, si ubaya. La kwanza ni buti. Mtu wa kwetu hawezi kuleta gari tupu. Ataweka viatu vya wapwa, simu mbili tatu, manukato ya mama, televisheni ikienea. Karneti inafunika gari na vifaa vyake vilivyoandikwa, haifunikii zawadi. Afisa akifungua buti akakuta bidhaa zisizotajwa popote, ukaguzi unaanza upya, na siku za kontena bandarini zinahesabiwa. Hapo kuna hesabu mbili zinazokimbia pamoja: bandari inatoza ada ya kuhifadhi, na kampuni ya meli inatoza demareji, yaani tozo ya kulichelewesha kontena lake. Zawadi zileteni kwenye mabegi yenu ya ndege.

La pili ni usukani. Gari la karneti haliuzwi, halikodishwi, wala halipewi mtu mwingine. Ni lako wewe unayeishi nje, kwa muda wa ziara yako. Mjomba anayeishi Kisauni akitaka kulipeleka harusini, tafadhali mkatalie kwa adabu na umpeleke wewe. Beba pia uthibitisho kwamba makazi yako ni nje, kwa sababu mwenye pasipoti ya Kenya lazima ataulizwa. Beba logibuku halisi, si nakala, na kama gari bado lina mkopo, barua ya benki inayoruhusu litoke nchini.

Sasa chombo chenyewe. Magari ya kawaida huja kwa meli ya roro, yaani yanaendeshwa hadi ndani na kuendeshwa nje. Ni nafuu, lakini ufunguo unapita mikono mingi na gari lililolala chini hukwaruzwa tumbo kwenye ngazi za meli. Kwa gari la michezo sisi hushauri kontena la futi 20, lako peke yako.

Upimaji hapa ni wa sentimita. Kontena hilo ndani lina upana wa takribani mita 2.35. Porsche 911 ya kizazi cha sasa ina upana wa mita 1.85 bila vioo vya pembeni. Likikaa katikati sawasawa, kila upande unabaki na sentimita 25. Mlango haufunguki vya kutosha mtu kutoka. Anayeliingiza hutoka dirishani, au gari husukumwa kwa mikono huku mwingine akiongoza usukani kutoka nje. Magurudumu huwekewa kabari, na mikanda ya kukaza hupitishwa kwenye magurudumu yenyewe, si kwenye mikono ya sospensheni, ili gari liweze kupumua juu ya springi zake meli inapoyumba.

Kisha betri. Tulifungua kontena moja asubuhi, jua la Kilindini tayari limeshapasha mabati, tukakuta 911 imekufa kabisa. Breki ya kuegesha ni ya umeme, haiachii. Vioo vya dirisha vimepandishwa. Na kwenye Porsche 911 nyingi betri iko mbele, chini ya boneti inayofunguliwa kwa umeme. Kilichokufa kilikuwa kimejifungia na ufunguo wake. Kijana wetu mwembamba kuliko wote alijipenyeza kati ya ukuta na gari, akafungua mlango kwa ufunguo wa mkono kadiri ulivyoweza, akanyoosha mkono mpaka kwenye kisanduku cha fyuzi karibu na miguu ya dereva, ambako pana ncha ya kuvuta nje ya kupitishia umeme wa dharura. Boneti ikaachia kwa sauti ndogo sana. Ilituchukua saa tatu. Tangu siku hiyo tunamwomba kila mteja alete gari na betri mpya au iliyojazwa sikuzote, mafuta robo tangi tu, kengele ya wizi izimwe, dirisha la dereva liachwe wazi kabisa, na ile pete ya kukokotea gari inayofungwa kwa skrubu kwenye bampa iwekwe juu ya kiti. Ikiwa kwenye buti ni sawa na kutokuwepo.

Bima ya baharini watu huiona kama ziada. Februari 2022 meli ya Felicity Ace iliungua karibu na visiwa vya Azores ikiwa na magari yapata 4,000, Porsche, Lamborghini na Bentley zikiwemo, na tarehe 1 Machi ikazama. Hilo kila mtu analielewa. Lisiloeleweka ni hasara ya pamoja. Ever Given ilipokwama Suez tarehe 23 Machi 2021 ilinasuliwa baada ya siku sita, lakini ikazuiliwa hadi tarehe 7 Julai, na mwenye meli akatangaza hasara ya pamoja. Maana yake, wenye mizigo wote huchangia gharama za kuokoa chombo, hata ambaye mzigo wake haukuguswa, na kontena halitolewi mpaka dhamana iwekwe. Aliye na bima, kampuni yake humwekea. Asiye nayo hutoa pesa zake mwenyewe, likizo ikiwa imesimama.

Muda nao umebadilika. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalipoanza, kampuni nyingi za meli zilizungusha vyombo vyao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na ratiba za Ulaya hadi Mombasa zikarefuka. Kwa likizo ya Disemba, tunataka gari liwe limefika bandari ya kuondokea kabla Septemba haijaisha. Afadhali lisubiri hapa kwenye yadi iliyofunikwa kuliko wewe usubiri gari hotelini.

Na barabara? Njia ipo, magari ya michezo ya zamani yamekuwa yakishushwa Mombasa kutoka Ulaya kwa ajili ya East African Safari Classic tangu 2003. Ila yale yameinuliwa juu, lako halijainuliwa. Adui wako ni matuta. Barabara ya kwenda Malindi ni lami, lakini kila kituo cha biashara kina matuta yake, mengine hayana rangi wala kibao, na bampa la mbele huyagundua kabla ya macho. Kama gari lako lina mtambo wa kuinua pua, hakikisha unafanya kazi kabla ya kulipakia. Kama halina, yaendee matuta kwa upande, gurudumu moja baada ya jingine. Kwenda Diani, usijaribu ngazi ya feri ya Likoni na gari la chini. Zungukia Dongo Kundu, ni mbali kidogo lakini ni lami na hakuna foleni ya chombo. Kwa anayetaka kona, hakuna barabara tunayoipendekeza kwa moyo mmoja kama ile ya Kabarnet kwenda Iten: inashuka bonde la Kerio, inavuka mto, kisha inajipinda juu ya ukuta wa Tambach kona baada ya kona hadi baridi ya juu. Iendee asubuhi, na utarajie ng'ombe na mbuzi barabarani. Jaza mafuta mjini, kwa kuwa petroli ya oktani ya juu haipatikani kila kituo.

Bima ya barabarani ya hapa ni lazima hata kama ya kwenu ni kubwa namna gani; tunakukatia siku gari linapotoka. Ukitaka kuvuka Lunga Lunga uende Tanga na Pangani, tuambie mapema ili kitabu kiwe na kurasa za kutosha na ukatiwe kadi ya manjano, yaani bima ya gari ya kuvuka mipaka, ya COMESA, jumuiya ya kibiashara ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika; Tanzania inaipokea kadi hiyo ingawa si mwanachama wa COMESA.

Tukirudi kwenye ile siku ya kuondoka: tupatie gari siku tano za kazi kabla ya meli kufunga kupokea mizigo. Siku ya kwanza linaoshwa na kupigwa picha kila upande, tunazilinganisha na zile za kuja. Siku ya pili na ya tatu ni za forodha na karneti. Kisha kupakia. Kama linarudi Uingereza, tunza hati zote za kutoka na kuingia, kwani gari lililotoka huko likarudi ndani ya miaka 3 bila kubadilishwa huweza kuingia bila ushuru chini ya msamaha wa bidhaa zinazorejea, na watakaokuomba ushahidi ni forodha ya huko. Bado unaamua? Tutumie picha ya logibuku, vipimo vya gari, na tarehe mbili: ya kufika na ya kuondoka. Ukiwa huna hiyo ya pili, piga simu tuitafute pamoja kwanza.