Mwenye balbu tatu anamchangia mwenye viyoyozi vinne

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niijibu makala yenu iliyosifu mipango ya kuwapa wateja ruzuku wanaponunua friji, viyoyozi na hita za maji zisizokula umeme mwingi. Kuhusu ubora wa vifaa hivyo sina ubishi na mwandishi wenu. Ubishi wangu ni kwamba ameandika ukurasa mzima bila kugusa pesa hiyo inatoka mfukoni mwa nani na inaingia mfukoni mwa nani. Mimi ni fundi umeme. Sehemu ya riziki yangu inatokana na mipango hiyohiyo: mteja akishapewa idhini naitwa kufunga kifaa kipya, natia saini fomu, nalipwa. Nayasema haya nikijua kwamba yanaweza kunipunguzia kazi.

Tuanze na inakotoka. Mipango mingi ya aina hii duniani inaendeshwa kwa tozo iliyochomekwa kwenye bili ya umeme, ama kiasi fulani kwa kila uniti, ama kiwango kimoja kwa kila mita kila mwezi. Pengine tozo ina mstari wake kwenye bili, kwa maandishi yanayotaka miwani. Pengine imeshamezwa na bei ya uniti, na mteja haioni hata akiitafuta. Jimbo la California liliiweka kwa sheria ya mwaka 1996. Uingereza nako, kuanzia Januari 2013, kampuni kubwa za nishati zilibebeshwa wajibu wa kugharamia maboresho ya nyumba za watu, nazo zikaupeleka mzigo huo kwenye bili za wateja. Basi wote wanachangia: bibi mwenye balbu tatu na redio, na mwenye jumba la viyoyozi vinne.

Najua jibu litakalokuja haraka. Wataniambia mwenye viyoyozi anatumia uniti nyingi, kwa hiyo anachangia zaidi. Pale tozo inapokatwa kwa uniti, ni kweli. Inapokatwa kwa mita, wote wawili wanalipa sawasawa. Lakini pima kwa kipato. Taasisi ya ACEEE ya Marekani, inayoshughulikia matumizi bora ya nishati, ilichapisha mwaka 2020 kwamba kaya ya kawaida ya kipato cha chini nchini humo hutumia asilimia 8.1 ya kipato chake kulipia nishati ya nyumbani, wakati kwa kaya zisizo za kipato cha chini ni asilimia 2.3. Tozo, hata iwe ndogo vipi, inapandishwa juu ya mzigo ambao kwa mmoja ni zaidi ya mara tatu ya mwenzake. Yule wa pili haioni. Wa kwanza anaikuta siku anapopanga alipe nini na aache nini.

Hayo yangevumilika kama kilichochangwa kingerudi kwa wote. Hakirudi, na sababu nimeziona kwa macho yangu majumbani mwa watu.

Mteja wangu mmoja, mama mpangaji, aliniita akidhani mita yake imeharibika. "Fundi, nazima taa mapema na bado umeme unakwisha. Mita hii inaniibia." Mita ilikuwa nzima. Nikasikiliza friji. Mota ilikuwa inanguruma nilipoingia, na nilipomaliza kukagua nyaya za nyumba nzima ilikuwa bado inanguruma, haijazima hata mara moja. Nikamwomba karatasi, akachana ukurasa wa daftari la mwanawe. Nikaibana mlangoni mwa friji, nikafunga, nikaivuta: ikatoka laini kama naitoa mfukoni. Mlango ukiwa mzima karatasi hukwama. Mpira wa ule mlango ulikuwa umekauka na kuchanika kwenye kona, naye alikuwa ameuzungushia kamba usiachie. Baridi ilikuwa inavuja usiku na mchana, na mota haipati nafasi ya kupumzika.

Nikamweleza kwamba kuna mpango wa kubadilisha friji kuukuu. Akaniuliza swali moja tu: "Wanalipa kabla sijanunua au baada?" Baada. Unanunua kwa bei kamili, unatunza risiti, unajaza fomu, unasubiri urudishiwe sehemu. Akaisukuma friji yake ukutani, mazungumzo yakaishia hapo. Nilimtafutia mpira wa mlango nikambadilishia, na mota ikaanza kuzima na kuwaka kama inavyotakiwa. Sasa angalia kichekesho: kazi ile, iliyookoa umeme siku ileile, haina fomu. Mpango unatambua kununua kipya. Kutengeneza hautambui.

Upande wa pili nimefunga friji kubwa yenye ruzuku katika nyumba ambayo ile ya zamani haikwenda popote. Ilisogezwa baraza ya nyuma, ikachomekwa, ikawa friji ya vinywaji. Kwenye ripoti ya mpango, nyumba ile imehesabiwa kuwa imeokoa umeme.

Mexico walijaribu kuziba mwanya huo. Mpango wao ulioanza mwaka 2009 ulidai kifaa kuukuu kisalimishwe kikaharibiwe. Hata hivyo, watafiti waliofuatilia bili waligundua kuwa friji mpya zilipunguza matumizi ya kaya kwa wastani wa asilimia 8 tu, chini sana ya ilivyoahidiwa, na viyoyozi vipya viliongeza matumizi badala ya kuyapunguza. Mimi hilo halikunishangaza. Mtu akipewa kiyoyozi kinachopoza vizuri, anakiwasha muda mrefu zaidi. Ndivyo binadamu alivyo, na simlaumu. Nauliza tu kwa nini bibi wa balbu tatu achangie.

Mahali pengine ruzuku huja kama punguzo la kodi ya mapato, na hapo mambo yanakuwa mabaya zaidi, maana ambaye kipato chake ni kidogo kiasi cha kutodaiwa kodi hana cha kupunguziwa. Wachumi Severin Borenstein na Lucas Davis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilihesabu jambo hili mwaka 2015. Tangu 2006 kaya za Marekani zilikuwa zimepokea zaidi ya dola bilioni 18 za punguzo la namna hiyo kwa kuboresha nyumba, kuweka sola na kununua magari yasiyotumia mafuta mengi. Ukizipanga kaya kwa kipato na kuzigawa mafungu matano, mafungu matatu ya chini kwa pamoja yalipata karibu asilimia 10 ya pesa zote. Fungu la juu peke yake lilipata karibu asilimia 60. Kwa magari ya umeme lilipata karibu asilimia 90. Hakuna aliyevunja sheria hapo. Sheria yenyewe ndiyo iliyoandikwa hivyo.

Halafu kuna suala la mpangaji, ambalo watunga mipango hulipita kama hawalioni. Dari isiyo na kizuia joto, dirisha lisilofunga sawasawa, hita ya maji ya zamani, vyote hivyo ni mali ya mwenye nyumba. Bili ni ya mpangaji. Mwenye nyumba atumie pesa yake ili nani apate nafuu? Na mpangaji ataanzaje kugusa dari ya mtu, akijua nyumba ikipendeza kodi inapanda? Kwa hiyo kila mmoja anamtazama mwenzake na nyumba inabaki vilevile miaka nenda miaka rudi, huku tozo ikiendelea kukatwa kwenye mita ya mpangaji.

Hata pale huduma inapotolewa bure kabisa, maskini zaidi hupigwa chenga mlangoni. Marekani wana mpango wa serikali kuu ulioanza mwaka 1976 wa kuziba mianya na kuweka kizuia joto katika nyumba za wenye kipato kidogo, bila wao kutoa kitu. Pesa yake haitoki kwenye bili, na nausifu kwa hilo. Lakini nyumba ikikutwa inavuja paa, ina ukungu au nyaya za hatari, inaahirishwa mpaka itengenezwe kwanza. Kiufundi wako sahihi; mimi mwenyewe siwezi kufunika nyaya zilizochunika kwa kizuia joto, nitaunguza watu. Ila anayeahirishwa ni yuleyule asiye na pesa ya kutengeneza paa, na kwa miaka mingi pesa ya kutengeneza paa haikuwamo kwenye mpango. Kamba hukatikia pembamba.

Kuna gharama nyingine isiyotajwa. Nguzo, nyaya na transfoma hazipungui bei kwa sababu wenye uwezo wamepunguza matumizi. Kampuni ya umeme ikiuza uniti chache zaidi, gharama ileile inagawanywa kwenye uniti chache, na bei ya uniti inapanda. Aliyebadilisha vifaa vyake hajali, kwa sababu uniti zake zimepungua. Anayelipa bei mpya kwa matumizi ya zamani ni yule ambaye ruzuku haikumfikia. Nakubali kwamba mahitaji yakipungua saa za jioni mitambo ghali haiwashwi, na nafuu hiyo ni ya wote. Lakini nafuu ya wote ni ndogo kuliko friji mpya sebuleni kwa mtu mmoja.

Wapo waliofanya vizuri zaidi. Ghana, katika uhaba wa umeme wa mwaka 2007, iligawa bure balbu milioni 6 zisizokula umeme mwingi. Waligongewa wenye nyumba mlango, balbu ya zamani ikafunguliwa, mpya ikafungwa. Hapakuwa na risiti wala kusubiri. India, kuanzia Januari 2015, shirika la umma lilinunua balbu za LED kwa wingi mno hata bei ya kununulia, iliyokuwa rupia 310 kwa balbu mwanzoni mwa 2014, ikashuka hadi rupia 38 mwaka 2016. Wateja wa kawaida waliweza kulipa kidogo kidogo kwenye bili. Fundi yeyote atakuambia maana yake: balbu ya wati 60 ikiwaka kwa muda wa saa tano kila siku inakula karibu uniti 110 kwa mwaka, na LED ya wati 9 yenye mwanga wa kiasi kilekile inakula kama 16. Kwa balbu tatu za bibi yangu ni uniti 280 kwa mwaka zinazobaki mfukoni. Kwa mwenye jumba hizo ni uniti ambazo hatazikumbuka. Kwa bibi ni sehemu kubwa ya bili nzima.

Brazil walikwenda moja kwa moja kwenye kiini. Sheria ya mwaka 2000 iliziagiza kampuni za kusambaza umeme zitenge sehemu ya mapato yao kwa matumizi bora ya nishati, na sheria nyingine ya mwaka 2010 ikasema angalau asilimia 60 ya pesa za mipango hiyo ziende kwa kaya zinazopata bei nafuu ya umeme kwa sababu ya kipato. Walitaja asilimia. Mpango usiotaja asilimia utafuata wenye risiti, maana wao ndio wepesi kuhudumia: wanapatikana kwa simu, nyumba zao zina nyaya nzuri, fomu wanajaza wenyewe. Hata sisi mafundi, niseme ukweli, tunawapenda zaidi. Kazi inaisha mapema.

Ninachotaka kibadilike hakihitaji uvumbuzi. Ruzuku ilipwe kwa duka au kwa fundi siku ileile, mteja mwenye matumizi madogo asitoe bei kamili kwanza. Matengenezo yanayookoa umeme, kama mpira wa mlango wa friji au nyaya zinazovujisha umeme, yahesabiwe kuwa sehemu ya mpango. Mwenye nyumba anayeboreshewa jengo kwa pesa ya mpango atie saini kwamba hatapandisha kodi kwa sababu hiyo kwa muda uliopangwa. Ule mpango wa Marekani wa mwaka 1976 una sharti hilo, na linatekelezeka. Na sehemu ya pesa inayolingana na wingi wa kaya za kipato cha chini iwekwe kando kabla ya ruzuku ya kiyoyozi cha kwanza kutolewa.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mipango mingi ya namna hii ina orodha ya mita zilizonufaika, maana kwa kawaida mtu halipwi bila namba ya mita. Kampuni ya umeme inajua kila mita inatumia uniti ngapi kwa mwezi. Kuziweka orodha hizo mbili pamoja na kuonyesha ni kiasi gani kimekwenda kwa watumiaji wadogo, wa kati na wakubwa ni kazi ya karani mmoja na kompyuta, bila kutaja jina la mtu. Siku mwandishi wenu atakaporudi kuandika sifa za mpango, aombe jedwali hilo kwanza. Akipewa, lichapisheni. Akinyimwa, andikeni kwamba amenyimwa.

Wenu,
Fundi umeme na msomaji wenu wa siku nyingi