Bastola ya mama mkwe

Kassim ndugu yangu,

Salaam nyingi kutoka Ohio. Sisi wazima, baridi tu ndiyo imetuganda. Najua nimekaa kimya tangu harusi ya Zuhura, unisamehe. Leo kuna jambo linaninyima usingizi, na wewe uliyezeekea makumbusho utanielewa.

Ni ile Luger, bastola ya Kijerumani, ya mama mkwe. Siku zote anasema baba yake alitoka nayo vitani Ufaransa mwaka 1918. Jumamosi akaniomba nimsomee namba zake, anataka kuwaandikia wajukuu. Nikaisogeza kwenye taa, nikashika lenzi. Mbele kuna tarakimu nne na herufi b chini yake. Wajerumani wakifika elfu kumi walianza upya na kuongeza herufi, na kila mwaka wakarudi tena mwanzo, kwa hiyo namba bila mwaka haikupeleki mbali. Vipande vidogo vimegongwa tarakimu mbili za mwisho: 46 huku, 46 kule, mpaka kwenye kifyatulio. Nikafurahi mno, maana miaka yote hii havijachanganywa. Magazini tu ndiyo yenye namba ya ugenini.

Halafu nikatazama juu ya chemba, pale risasi inapokaa. 1917, sawa. Lakini juu ya 1917 pamegongwa 1920.

Kassim, baada ya Mkataba wa Versailles jeshi la Ujerumani lilibanwa libaki na watu laki moja, na silaha zilizobaki mikononi mwa serikali yao zikagongwa hiyo 1920. Maana yake wakati huo bastola ilikuwa bado kwao, na baba mtu alikuwa ameshafika nyumbani zamani! Nimepitisha kidole mara tatu. Imezama kwenye chuma, si mkwaruzo.

Sasa yule kaka mkubwa wa mama mkwe, ambaye nyumba hii haimtaji, alikuwa Ujerumani 1945. Picha yake akiwa na sare imo droo ileile ya bastola, chini kabisa, imefungwa kwenye leso. Naiwaza hiyo leso kuliko hata namba.

Shemeji yako anasema ninyamaze, mama ana miaka 88. Mdogo wake naye anataka aipige msasa ing'ae. Nimemkatalia katakata, mihuri ile ikifutika hakuna atakayeweza kuisoma tena.

Mama ananiuliza kila jioni, "Umeshaandika?" Sijaandika.

Wewe ungefanyaje? Mzee akikuletea kitu na hadithi yake, halafu kitu chenyewe kikakataa hadithi, mlikuwa mnamwambia? Au mnaandika 1917 mnaiacha 1920? Na ikiwa ni ya yule kaka, huoni anastahili kutajwa, hata mara moja? Nikupigie Ijumaa baada ya swala, utakuwa nyumbani? Mguu wa bibi unaendeleaje?

Wako,
Idi