Barua ya Malalamiko: Silinda ya Tatu Haikuharibiwa na Ukosefu wa Oili

Kwa Meneja wa Kampuni,

YAH: KUKATALIWA KWA DHAMANA YA INJINI MLIYOIFANYIA OVEHOLI

Ndugu Meneja,

Nimepokea ripoti ya gereji yenu inayosema kuwa pistoni (vyuma vinavyopanda na kushuka ndani ya silinda) na silinda za injini yangu, mliyoifungua na kuitengeneza upya, zimechakaa kwa sababu niliendesha gari likiwa na upungufu wa oili, na kwamba kwa hiyo dhamana mliyonipa haitumiki. Siikubali. Kwamba silinda ya tatu imeharibika hakuna anayebisha. Ninachopinga ni sababu mliyoiandika, maana vyuma vilivyotolewa kwenye injini hiyo vinaonyesha jambo jingine kabisa.

Gari lilianza kutoa moshi wa bluu, kisha ukaja mlio wa kugonga. Kabla sijalileta kwenu, fundi mwingine alipima kompresheni, yaani shinikizo la hewa ndani ya kila silinda, injini ikiwa imeshapata moto. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne zilikaribia baa 12, zikipishana kidogo tu. Ya tatu iliishia baa 5. Akamimina oili kidogo kupitia tundu la plagi, akapima tena, ikapanda hadi 8. Oili ile huziba kwa muda upenyo ulioko kati ya ringi zinazoizunguka pistoni na ukuta wa silinda. Kama valvu (milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi) ndizo zingekuwa zinavujisha, kipimo cha pili kingebaki karibu palepale. Karatasi ya vipimo hivyo nilimkabidhi mpokea magari wenu. Ripoti yenu haikuitaja hata kwa mstari mmoja.

Injini ilipofunguliwa nilikuwepo. Oili ikipungua haichagui silinda moja na kuziacha tatu. Beringi za konrodi (mkono unaoiunganisha pistoni na krenki) na za krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuumia: tabaka la juu hulika mpaka rangi ya shaba inatokeza, na krenki huweza kubadilika rangi kwa joto. Pistoni nazo hukwaruzika kwenye sketi, yaani ubavu wake wa chini, hasa upande unaokandamizwa ukutani wakati mwako unapoisukuma chini. Beringi zangu zilitoka zikiwa laini, zina rangi ya kijivu ileile kutoka mwanzo hadi mwisho. Sketi za pistoni zote nne hazikuwa na alama ya kuungua. Fundi wenu alizishika mkononi, akazigeuza, akaziweka mezani bila kusema neno.

Katika silinda ya tatu kuna mfereji mmoja, wa kina, ulionyooka kutoka juu hadi chini. Naomba mtazame ulipo: uko upande wa mbele wa injini, sambamba kabisa na ncha ya pini inayoishikiza pistoni kwenye konrodi. Hapo sipo mahali ambapo ukosefu wa oili hukwaruza. Na kwenye pistoni hiyo, kitundu cha pini upande huohuo hakina klipu, yaani kipete cha waya cha kuizuia pini. Mfuo wa klipu, yaani ufa mwembamba uliochongwa ili kuishika, umegongwagongwa hadi kingo zake zimebomoka, ilhali klipu nyingine zote zimekaa vizuri kwenye mifuo yake. Vipande vya waya wa chuma vilitolewa ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, mbele ya macho yangu. Navyo havimo katika ripoti, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu aliyeandika hakuweza kutoviona.

Klipu ile ndiyo inayoizuia pini isitembee. Isipoingia vizuri kwenye mfuo wake, au ikirudishwa ya zamani iliyokwisha kulegea, huchomoka. Pini husogea pembeni na kuuchimba ukuta wa silinda kila pistoni inapopanda na kushuka. Waliozifunga klipu hizo ni mafundi wenu. Mmoja wao alidokeza kwamba huenda konrodi imepinda ikaisukuma pini. Basi na ipimwe unyoofu wake, jambo ambalo lilipaswa kufanywa kabla injini haijafungwa mara ya kwanza.

Ripoti inayozungumzia kuchakaa kwa silinda haina tarakimu hata moja. Silinda hupimwa kwa geji yake, juu, katikati na chini, na kila mahali mara mbili kwa pembe ya mraba, ili ionekane kama imepanuka juu kuliko chini au imepoteza uduara. Pistoni hupimwa kwa maikromita kwenye sketi. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi kati yao, nayo kwa injini nyingi za petroli ni sehemu chache za mia za milimita. Mlichonga wenyewe bloku hii, yaani chuma kikuu chenye silinda, na kuweka pistoni zinazozidi saizi ya kawaida kwa milimita 0.50, kwa hiyo vipimo vya siku hiyo mnavyo, au mnapaswa kuwa navyo. Jicho haliwezi kuona mia za milimita, na hukumu ya kuninyima dhamana haiwezi kutolewa kwa jicho.

Naomba bloku, pistoni zote nne, pini, konrodi na vile vipande vya waya vihifadhiwe kama vilivyo. Visisafishwe wala kuchongwa. Naomba vipimwe na karakana isiyo yenu, mbele yangu na mbele ya mwakilishi wenu, na vipimo viandikwe vikilinganishwa na vya mtengenezaji wa injini. Ikithibitika kwamba klipu ndiyo chanzo, mtengeneze injini hii kwa gharama zenu: bloku ichongwe upya au iwekewe slivu (ukuta mpya wa silinda), na pistoni mpya zifungwe kwa klipu mpya. Ikithibitika vinginevyo, nitalipa gharama za upimaji huo mwenyewe.

Nimeambatisha picha za mfereji, za mfuo usio na klipu na za beringi, pamoja na nakala ya karatasi ya kompresheni. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi, likiwa limesainiwa na mtu aliyeviona vyuma hivi kwa macho yake.

Wako,
Mmiliki wa gari