Kichujio cha intaneti maktabani kisimfungie mtu mzima
Mhariri,

Maktaba ya umma ninayoitumia imeweka kwenye Wi-Fi yake kichujio kinachozuia hata kurasa za saratani ya matiti, kana kwamba somo la tiba ni picha chafu. Watoto walindwe, sipingi. Lakini hata Marekani, ambako sheria ya mwaka 2000 inazitaka maktaba zinazopokea ruzuku ya intaneti ya serikali kuu ziweke vichujio, Mahakama ya Juu ilipoiidhinisha mwaka 2003 ilizingatia kwamba mtu mzima anaweza kumwomba mkutubi amwondolee kizuizi. Mkutubi wetu, mwungwana kweli, hana mamlaka hayo. Naomba wasimamizi wampe, wala msomaji asilazimishwe kueleza maradhi yake mbele ya watu.

Msomaji,
Dar es Salaam