Kabla ya kukata sapeli, waulizeni akina mama

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu biashara ya mbao katika mkoa wetu wa Tshopo, hapa Kongo, ilichambua vizuri bei ya magogo, barabara na ushuru. Sapeli ilitajwa tena na tena, kila mara kama mbao. Sisi tunaokaa vijiji vya nje ya Kisangani tunaujua pia kama mti wa chakula, na hilo halikuandikwa hata mstari mmoja.

Yupo nondo ambaye wataalamu humwita Imbrasia oyemensis. Viwavi wake, mbinzo kama tunavyosema hapa, hula majani ya sapeli huko juu kabisa, ambako hakuna anayepanda. Huna haja ya kuwaona ili ujue wapo. Simama chini ya mti utasikia kinyesi chao kikidondoka juu ya majani makavu, kama mvua inayoanza. Siku zao zikitimia hushuka wenyewe, wakitafuta udongo wa kujifukia ili wageuke nondo, na hapo ndipo akina mama na watoto huwaokota kwa ndoo na vikapu. Mti haufi, huchipua upya.

Msimu ni mfupi, kati ya Julai na Septemba. Lakini wakichemshwa kwa chumvi na kukaushwa hukaa miezi, na zaidi ya nusu ya uzito wao mkavu ni protini. Nyama ya ng'ombe ni ya wenye mishahara. Lituma, yaani ndizi za kupondwa, kwa mbinzo huliwa hata na asiye na kitu. Kinachobaki hupimwa kwa kopo sokoni, na fedha hizo ndizo zinazonunua daftari na sare shule zinapofunguliwa.

Sasa, kampuni za mbao zinautaka mti ule ule mnene wenye matawi mapana. Kanuni ya Misitu ya 2002 inazidai zichangie barabara, shule na zahanati, nami sina ugomvi na zahanati. Ila katika ahadi tulizosomewa kijijini kwetu nilisikia mabati na misumari. Sikusikia mti hata mmoja uliotengwa kwa ajili ya viwavi. Na si kazi ngumu. Kabla ya kukata, kampuni huhesabu miti yake ya thamani na kuichora kwenye ramani. Mhesabuji huyo afuatane na mama mmoja wa kijiji, maana si kila sapeli huzaa viwavi sawasawa, na mama huyo anaujua unaozaa. Ulio karibu na kijiji upigwe alama ya kubaki, na alama hiyo iandikwe kwenye mkataba.

Wala tusijisafishe. Wapo miongoni mwetu wanaoangusha mti mzima kwa pupa, wawapate viwavi kabla hawajashuka. Hao chifu awatoze faini. Kwa hilo hatuna haja ya kusubiri neno kutoka Kinshasa.

Mwandishi wenu akirudi kwenye suala hili, naomba aje mwezi wa nane, na asiishie kwenye magogo yaliyolala bandarini. Kuna akina mama watakaompeleka msituni, mradi aje na ndoo yake.

Msomaji wenu,
Kisangani